Saa Moja Isiyokuwepo

"Mashine haina shemeji, Afande," Sajini Amoni alisema, akalisukuma faili juu ya meza mpaka likagusa kikombe cha Inspekta Tupokigwe. "Haina jirani, haina mtani. Imeandika kwamba soketi ile ilitumika mara ya mwisho saa tano kasoro dakika nane. Basi hapo ndipo plagi ilipochomolewa. Mimi nani niibishie?"

"Wewe mpelelezi," Tupokigwe alimjibu. "Kubisha ndiyo kazi uliyoajiriwa kuifanya."

Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, Jumatano, mwezi Machi mwaka 2015. Karandinga la kupeleka mahabusu mahakamani Vwawa lilipangiwa kuondoka saa saba kamili. Ngusa, mlinzi wa Kituo cha Afya Mwanzo Mwema, alikuwa amekamatwa jana yake saa nane mchana. Sheria inataka mtu afikishwe mahakamani kabla ya saa ishirini na nne kutimia, na mkuu wa kituo cha polisi alikwisha kusema hataki faili hilo lilale tena Tunduma. Juu ya jalada Amoni alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: kuua bila kukusudia.

Aliyekufa alikuwa mtoto wa siku tatu. Alizaliwa kabla ya wakati wake, mapafu hayajakomaa, akawekewa mashine ya oksijeni inayotumia umeme. Jumatatu mchana mashine ilikutwa imezima na mtoto amekwisha kuwa wa baridi. Mama yake ni Stamili. Baba yake ni Mabula, mfugaji wa bondeni Momba. Na Ngusa, mlinzi anayeshtakiwa, ni kaka yake Mabula wa tumbo moja. Yeye ndiye aliyewashawishi waache kujifungulia bondeni waje mjini, kwa sababu mjini kuna mashine.

Ushahidi ulikaa vizuri mno. Bondeni hakuna umeme, kwa hiyo kila Jumatatu ndugu na jamaa walimletea Ngusa simu zao azichaji kituoni. Alizibeba kwenye mfuko wa kitambaa, kila simu imefungwa uzi wa rangi yake ili asizichanganye. Januari aliwahi kuchomoa friji ya chanjo ili apate soketi, akapewa onyo la maandishi. Na Jumatatu ile, mfagiaji alimwona akiingia na mfuko wake katika chumba cha mtoto, saa tano kasoro dakika kumi. Dakika mbili baadaye, kwa mujibu wa mashine, soketi ikaacha kutumika.

Tupokigwe alizifungua karatasi za mashine. Zilikuwa kumbukumbu za kisanduku cha kijivu kinachogawa umeme pale kituoni. Kisanduku hicho kina kompyuta ndogo ndani yake, na ndiyo inayoamua lini watumie umeme wa gridi, lini wa jua, lini wa betri, na njia ipi ya umeme ilazwe kama haina kazi. Wafanyakazi walikiita Mnyapara. Kila dakika Mnyapara aliandika njia zake tatu zinakula umeme kiasi gani: ya kwanza taa, ya pili soketi za wodi, ya tatu friji ya chanjo.

Alipekua akahesabu. Ukurasa wa tatu, halafu wa tano.

"Wa nne uko wapi?"

Amoni alijikuna shingo. "Ulijirudia, Afande. Ukurasa wa nne na wa tano zote zinaanza saa mbili na robo mpaka saa tatu na robo. Yule fundi alibonyeza mara mbili wakati wa kuprinti. Nikautoa ili hakimu asichanganyikiwe."

"Umeutoa ukaupeleka wapi?"

Amoni alifungua droo. Hakuwa mpelelezi mbaya. Alikuwa mpelelezi mwenye haraka, na haraka ni ugonjwa wa Tunduma nzima, wanaugua madalali, wanaugua madereva wa malori, wanaugua hata wauza nyanya. Aliutoa ukurasa chini ya kitabu cha dhamana, umepinda pembe moja.

Tupokigwe aliuweka kando ya wenzake. Saa zilikuwa zilezile. Lakini kwenye ukurasa wa nne, saa mbili na dakika ishirini, friji ilikula wati 41. Kwenye ukurasa wa tano, saa mbili na dakika ishirini, friji ilikula wati 58. Alishuka na kidole chini, mstari kwa mstari. Hakuna mstari hata mmoja uliofanana.

"Hii si nakala, Amoni."

"Ni nini, basi?"

"Sijui bado."

Na kweli hakujua, na kutojua huko kulimkera kama jiwe ndani ya kiatu.

*

Ngusa alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, magoti yamekunjwa. Ni mwanamume mrefu, wa miaka arobaini na kitu. Alipomwona Inspekta alisimama, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Nieleze Jumatatu. Uliingia chumbani kufanya nini?"

"Kuchaji simu."

"Ngapi?"

"Sita."

"Soketi ipi?"

"Pale ukutani ziko mbili. Moja ina plagi nyeupe ya mashine ya mtoto, imezungushiwa plasta kwa sababu ililegea. Nyingine iko wazi. Nilichomeka eksitensheni kwenye ile iliyo wazi."

"Una uhakika?"

Ngusa alifumba macho. Nje, lori lilipiga honi ndefu kwenye foleni ya mpaka, na jingine likalijibu.

"Naiona ile plagi nyeupe imekaa mahali pake," alisema taratibu. "Lakini Sajini amenionyesha karatasi. Kompyuta imesema. Labda nilichomoa, Afande. Labda mkono ulifanya na kichwa hakikuona."

"Mkono wako una tabia hiyo?"

"Ulichomoa friji mwezi wa kwanza."

"Friji ulijua unaichomoa?"

"Nilijua."

"Na hii?"

Alitikisa kichwa. Macho yalimjaa maji, lakini aliyaacha tu. "Mabula alikuja jana jioni. Aliniuliza swali moja. Kaka, kama si wewe, ni nani? Sikuwa na jibu. Hajarudi tena."

Amoni alisimama mlangoni na karatasi za maelezo ya onyo, yale anayoandikisha mtuhumiwa, mkononi. "Yuko tayari kuandikisha, Afande."

"Usimwandikishe kitu mpaka nirudi."

"Na usiporudi kabla ya saa saba?"

"Nitarudi."

"Mkuu amesema faili lisiende tupu." Amoni alishusha sauti. "Likienda bila maelezo yake, mimi ndiye nitakayeandikishwa."

Tupokigwe alimtazama, akaona kwamba hatabadilika kwa maneno. Alichukua karatasi zote, pamoja na ule ukurasa wa nne, akaenda kutafuta pikipiki.

*

Kituo cha Mwanzo Mwema kimejengwa kwenye kilima kinachoitazama Nakonde. Ukisimama ukumbini unaona mabati ya Zambia yanang'aa ng'ambo, na minara ya simu ya nchi mbili imesimama kama mashemeji wasiosemeshana. Nesi Scola alikuwa amekaa kwenye benchi la wagonjwa, bila sare. Alisimamishwa kazi Jumatatu hiyohiyo, kwa kumwacha mtoto saa nzima bila kumtazama. Alikuwa ameitwa kukabidhi funguo.

"Sikumwacha saa nzima," alisema kabla hajaulizwa. "Nimesema mpaka nimechoka."

"Niambie mimi mara moja tu, sista."

"Saa tano na nusu nilimtazama. Mashine inanguruma, mtoto ana rangi nzuri. Nikaandika kwenye chati yake. Saa sita kasoro robo nikaitwa leba, mama anasukuma. Nilipotoka leba ilikuwa saa sita na robo. Nikamkuta hivyo."

"Saa hizo ulizitazama wapi?"

"Ile pale." Alionyesha saa ya ukutani, ya duara, yenye mshale mwekundu wa sekunde. "Daktari anasema niliandika chati baadaye ili nijifiche. Kwa kuwa kompyuta inasema mashine ilizima saa tano kasoro. Afande, mimi nimezalisha watoto miaka kumi na moja. Najua mashine inayonguruma na mashine iliyonyamaza."

"Na kengele yake? Ile ya kuashiria umeme umekatika?"

"Inatumia betri ndogo. Ilikufa mwaka jana. Tumeiombea mara tatu."

Tupokigwe aliandika. Kisha akaomba aonyeshwe chumba.

Plagi nyeupe ilikuwa bado ukutani na plasta yake. Aliishika akaivuta. Haikutoka. Akaivuta kwa mikono miwili, ikatoka na vumbi la chokaa, na plasta ikachanika vibaya. Plasta hiyo ilikuwa kuukuu, kingo zake nyeusi kwa uchafu wa miezi. Hakuna aliyeifungua Jumatatu akaifunga tena. Basi hilo moja.

Katika chumba cha betri alimkuta Anyosisye, fundi kompyuta wa Vwawa, kijana wa Ileje mwenye miwani na shati lililopigwa pasi vizuri. Yeye ndiye aliyemtengeneza Mnyapara, tangu bodi mpaka programu, na magazeti mawili yaliwahi kumwandika. Kompyuta yake ya mapajani ilikuwa wazi juu ya pipa, imeunganishwa kwa waya na kisanduku.

"Umemfunza Mnyapara kusema uongo?" Tupokigwe alimwuliza.

Anyosisye alicheka kidogo, akaacha alipoona mwenzake hacheki. "Hawezi, mama. Anaandika anachopima."

"Saa tano kasoro dakika nane njia ya pili inakula umeme kama kawaida. Mstari unaofuata ni saa sita kasoro dakika nane: njia ya pili haijatumika kwa dakika sitini, imelazwa. Ndivyo?"

"Ndivyo. Mtu alichomoa mashine, simu ni umeme mdogo mno hauhesabiki, njia ikaonekana bure saa nzima, Mnyapara akailaza. Ndiyo kazi yake, kuokoa betri."

"Njia ya tatu ni ya friji. Kati ya saa hizo mbili friji ilikula kiasi gani?"

Anyosisye alipitisha kidole kwenye skrini. Kidole kikasimama.

"Hakuna mstari," alisema.

"Na taa?"

"Hakuna."

"Friji ilizima saa nzima?"

"Hapana. Chati ya joto la chanjo iko sawa, nimeiona mwenyewe leo asubuhi."

"Basi friji ilikula umeme saa nzima, na Mnyapara, anayeandika kila dakika, hakuandika hata mara moja. Mpaka hapo mimi na wewe tuko pamoja?"

"Labda alikwama," Anyosisye alisema. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo. "Zamani alikuwa anakwama. Lakini nilimrekebisha, wiki tatu zilizopita."

"Ulimrekebishaje? Nieleze kama unamweleza bibi yako."

Alivua miwani akaifuta kwa shati. Alianza kwa kusitasita, kisha akasahau woga, maana fundi akiulizwa kazi yake hujisahau. Ndani kabisa ya kompyuta, alisema, kuna kiini cha mfumo, ambacho hakuna kinachokwenda bila ruhusa yake. Ndani ya kiini kuna viendeshi, kila kimoja na kifaa chake. Kiendeshi cha umeme cha Mnyapara kilikuwa kinategemea vitu vitatu kabla hakijaamka: kipimajoto, kijisaa kilichogandishwa kwenye ubao wa mashine, na modemu. Kimoja kikichelewa, vyote vinasubiri. Kimoja kikifa, Mnyapara haamki kabisa.

"Mara tatu nimetoka Vwawa na bodaboda kwa mvua, kuja tu kumwamsha," alisema. "Mara moja nilikuta chanjo zimeharibika. Nikasema utegemezi wote huu wa nini? Kipimajoto kinapima joto, hakihusiki. Kijisaa cha ubao kinatoa saa, na modemu nayo inatoa saa. Saa mbili za nini? Nikaondoa viwili nikabakiza modemu. Mistari mia mbili ikawa arobaini. Tangu hapo hajakwama hata siku moja. Nilimjaribu Vwawa wiki mbili nzima, na wa vituo vya Hasamba na Ruanda nimewawekea hivyohivyo, hakuna shida."

"Na hapa?"

"Hapa soketi za wodi zilikuwa zinalala mara mojamoja. Waliniambia ni Ngusa na simu zake."

"Nani alikuwa anaziamsha?"

Scola, aliyekuwa amesimama mlangoni, ndiye aliyejibu. "Ngusa. Tunamwita tu, Mnyapara kalala tena, anakuja kubonyeza kitufe. Jumatatu saa sita alikuwa getini, lori la saruji limekwama kwenye mtaro. Sote tulimsikia akipiga kelele."

Tupokigwe alitoa simu yake kuangalia muda. Ilikuwa mpya, mwanawe alimletea kutoka Mbeya mwezi uliopita. Saa sita kasoro dakika ishirini na mbili. Alipumua. Ana zaidi ya saa nzima kabla ya karandinga kuondoka.

Alipotokea ukumbini, macho yake yakagonga saa ya ukutani. Saa saba kasoro dakika ishirini na mbili.

"Sista, saa yenu mbovu?"

"Iko sawa, Afande. Simu yako imeshika mnara wa Nakonde. Huku kilimani ndiyo kawaida, ikiingia Zambia inarudi saa nzima nyuma. Sisi wote tumezima saa ya mtandao, tunaweka kwa mkono."

Ana dakika ishirini na mbili. Na hapohapo, akiwa bado ameishika simu inayomdanganya, alizikumbuka kurasa mbili zenye saa moja na hesabu tofauti.

Kila mkaazi wa Tunduma amewahi kuumizwa na jambo hili. Kuna waliokosa basi, waliofika kanisani watu wanatoka, waliopoteza wateja wa ng'ambo kwa kutouliza, "Saa ya kwetu au ya kwenu?" Mtoto wa darasa la tatu analijua. Lakini Mnyapara alizaliwa Vwawa, na Vwawa mnara wa Zambia haufiki.

Alirudi chumba cha betri kwa hatua za haraka.

"Modemu yako ina laini ya simu ndani?"

"Ndiyo, ya kunitumia taarifa."

"Na saa yake inaitoa wapi?"

"Kwenye mnara," Anyosisye alisema. "Mnara wowote ulio..."

Hakumaliza. Alikaa juu ya ndoo, polepole.

"Njoo hapa," Tupokigwe alimwambia, akatandaza kurasa sakafuni. "Jumatatu asubuhi, saa tatu na robo, modemu inashika mnara wa Nakonde. Saa inarudi kuwa saa mbili na robo. Mnyapara anaiandika saa hiyohiyo mara ya pili. Ukurasa wa nne na wa tano. Kuanzia hapo anatembea na saa ya Zambia. Anapoandika saa tano kasoro dakika nane, huku kwetu ni saa ngapi?"

"Saa sita kasoro dakika nane," Scola alinong'ona.

"Halafu modemu inarudi mnara wa kwetu. Saa inaruka. Anyosisye, kiendeshi chako kikiangalia hapo, kinaona nini?"

"Kinaona dakika sitini zimepita tangu usomaji wa mwisho. Kinaona njia ya pili imekaa bure saa nzima. Taa na friji nimezikataza kulala. Ya pili inaruhusiwa."

"Zimepita dakika ngapi kweli?"

"Haijatimia hata moja."

"Kile kijisaa cha ubao, ulichokiondoa, kingeruka?"

"Hapana. Chenyewe kinahesabu tu. Hakijui mpaka."

Scola alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Maneno hayatoshi," Tupokigwe alisema. "Nionyeshe kwa macho. Una dakika tano."

Kabla ya kitu kingine alimpigia Amoni. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, haikupokelewa. Amoni akiandikisha maelezo huiweka simu yake ndani ya droo, na Tupokigwe alilijua hilo.

Scola alileta taa ya mezani kutoka ofisi ya daktari. Waliichomeka kwenye soketi ya ukutani, mahali pa plagi nyeupe, wakaiwasha. Anyosisye aliiamrisha modemu ishike mnara wa Nakonde. Saa kwenye skrini ikarudi nyuma. Taa iliwaka. Wakasubiri dakika moja, mbili, Mnyapara aandike. Njia ya pili inatumika. Ikaandikwa tena, inatumika.

"Rudisha Tanzania," Tupokigwe alisema.

Alibonyeza. Saa ikaruka kwenda mbele. Ndani ya kisanduku kitu kililia *tik*, sauti ndogo tu, na kule chumbani taa ikazima.

Kwenye skrini mstari mpya ulikuwa umeandikwa: njia ya pili haijatumika kwa dakika sitini, imelazwa.

Scola alianza kulia, hakujificha. "Nilisema ilikuwa inanguruma," alisema. "Nilisema." Tupokigwe alimshika bega mara moja, kisha akamgeukia kijana.

"Printi hiyo. Kizime kisanduku, na fundi umeme wa hapa aunganishe wodi moja kwa moja na gridi leo hii. Hasamba na Ruanda nao wavizime vyao mpaka ukirudishe kijisaa. Halafu tunaondoka, mimi na wewe."

"Nitafungwa, mama?"

"Sijui. Lakini kuna mtu anafungwa sasa hivi kwa ajili yako, huyo namjua."

*

Pikipiki iliwafikisha nusu ya njia. Barabara kuu ilikuwa imezibwa na malori ya mpakani, pande zote mbili, madereva wamekaa chini ya matela wakila ubwabwa. Tupokigwe alimlipa bodaboda akashuka, wakaenda mbio kati ya matairi. Kina mama wa kubadilisha kwacha za Zambia waliwapigia kelele, "Iwe, wewe, mwizi gani huyo anakimbia na polisi?" Anyosisye miwani ilimdondoka, akairudia, akaivaa na kioo kimoja kimepasuka.

Karandinga lilikuwa uani, injini inaunguruma. Mahabusu watatu walikwisha kupanda. Ngusa alisimama wa nne, pingu mikononi, mguu mmoja kwenye ngazi. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa cha zambarau kwa wino.

Tupokigwe alikiona kidole kile, akahisi hasira inampanda mpaka masikioni.

"Mshushe!"

"Amekiri, Afande." Amoni alitokea ofisini na faili kwapani. Hakuwa na furaha, lakini aliinua kidevu. "Sikumgusa. Nimemsomea haki zake, akasema mwenyewe, akaweka dole gumba mwenyewe. Mashahidi wapo."

"Ngusa. Umekiri nini?"

"Kwamba nilichomoa."

"Ulichomoa?"

Ngusa hakumjibu yeye. Alikuwa anatazama getini, ambako mdogo wake Mabula alisimama, jembe begani, kofia imeshushwa usoni. Alikuja kuona kaka yake anavyopakiwa. Maiti ya mtoto ilitolewa asubuhi, ilikuwa nyumbani kwa jamaa pale mjini, na mazishi yalipangwa alasiri.

"Aliniuliza ni nani," Ngusa alisema. "Mtu hawezi kuzika mtoto bila kuambiwa ni nani. Nikaona nimpe jibu."

Dereva wa karandinga alizima injini bila kuambiwa. Tupokigwe alikwenda getini akamwita Mabula, akamleta mpaka mbele ya ngazi. Kisha akamvuta Anyosisye kwa mkono wa shati.

"Mwambie."

"Kiendeshi cha umeme," Anyosisye alianza, "kilikuwa na utegemezi kwenye kiini cha..."

"Kwa Kiswahili," Tupokigwe alisema.

Kijana alivua miwani yake iliyopasuka, akawa hana pa kujificha.

"Mimi ndiye niliyetengeneza kisanduku cha umeme. Kilikuwa na saa ndogo ndani yake, saa ya kweli. Niliitoa. Nilidhani haina kazi, kwa sababu ndani yake mna simu pia, nayo ina saa. Jumatatu simu ilishika Zambia, ikarudi Tanzania, kisanduku kikadhani imepita saa nzima na hakuna anayetumia umeme. Kikazima soketi. Mashine ya mtoto ilikuwa imechomekwa. Kaka yako hakuigusa. Hakuna aliyeigusa."

Mabula aliisukuma kofia yake nyuma.

"Rudia pale mwisho," alisema.

"Kaka yako hakuigusa."

"Na hiyo saa uliyoitoa. Ilikuwa mbovu?"

"Hapana," Anyosisye alisema. "Ilikuwa nzima. Nilitaka kazi iwe rahisi."

Amoni alifungua faili, akayasoma maelezo ya Ngusa, akausoma ukurasa mpya uliokuwa bado na joto la mashine ya kuprinti, akarudi kwenye maelezo. Uso wake ulianza kuwa wa majivu. "Nitaandika upya, Afande," alisema kwa sauti ndogo.

"Hutaandika upya. Haya yatabaki ndani ya faili hilohilo, maelezo na ukurasa, ili hakimu aone tulivyofanya. Sasa fungua pingu. Anatoka kwa dhamana, na mdhamini niandike mimi. Mkuu nitazungumza naye."

Pingu zilifunguliwa. Ngusa hakujua aende wapi, akabaki amesimama chini ya ngazi anajisugua vifundo vya mikono.

Mabula alimsogelea. Hakumkumbatia. Alilishusha jembe begani, akalishika kwa mikono miwili, akamnyooshea kaka yake upande wa mpini.

"Kaburi sijachimba, kaka," alisema. "Tangu asubuhi nimekwenda pale mara tatu nikarudi. Sikuwa na wa kuchimba naye."